Prosesa au kadi ya grafiki? Namna ya kuzilinganisha kabla hujaanza kuchangia BOINC na Folding@home

Wakuu, mtu akianza mambo ya kuchangia nguvu ya kompyuta swali lake la kwanza huwa ni lilelile, nichukue kadi gani, au nikomae na prosesa niliyonayo, afu anaingia kuangalia video za magemu, anaona kadi fulani inatoa fremu kibao, anainunua. Hapo ndo hela inapopotelea. Kadi inayopaa kwenye gemu inaweza ikawa ya kawaida kabisa kwenye hesabu za sayansi, na kuna kadi ya mwaka 2012 ambayo kwenye aina fulani ya hesabu inaiacha mbali kadi ya NVIDIA, RTX ya juzi juzi tu, namba zake ntaziweka hapo chini ujionee.

Kwa asiyejua hii kitu ikoje: unaweka programu, inachukua kipande cha kazi kutoka seva ya watafiti, mashine yako inapiga hesabu muda ambao huitumii (au hata ukiwa unaitumia), inarudisha jibu, inachukua kipande kingine. SETI@home ya Chuo Kikuu cha California pale Berkeley ndo iliyoitangaza duniani, ilianza Mei 1999 na ikaacha kugawa kazi mwisho wa Machi 2020. BOINC, programu moja inayobeba miradi tofauti ya namna hii, ilizaliwa hapohapo Berkeley na ndo inayoendesha miradi mingi mpaka leo. Folding@home yenyewe ilianza mwaka 2000 Stanford, ina programu yake ya pekee, na kipindi cha korona 2020 walijiunga watu wengi mpaka mtandao wao ukavuka eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde. Frontier, supakompyuta ya kwanza kuvuka hapo kwenye orodha ya TOP500, imekuja 2022.

Hulipwi. Ni kujitolea, na bili ya umeme ni yako, kwa hiyo swali halisi sio kadi ipi ina nguvu, swali ni kazi moja iliyokamilika inakula umeme kiasi gani kwenye mradi ule unaoutaka wewe. Mwongozo wote huu unazunguka hapo.

Hatua ya 1: Chagua mradi kwanza, kifaa baadaye

Wengi wanafanya kinyume. Mradi ndo unaoamua kama GPU (yaani kadi ya grafiki) ina maana au haina, kwa sababu kuna miradi haina kabisa programu ya GPU, unaweza ukachomeka kadi ya mamilioni na ikakaa inaangalia tu. Rosetta@home (ile ya Chuo Kikuu cha Washington, maabara ya David Baker aliyepata Nobel ya kemia 2024) ni prosesa tupu. climateprediction.net, wale wa modeli za hali ya hewa, prosesa. Mapping Cancer Markers ya World Community Grid, prosesa. Upande wa pili Folding@home inakubali vyote viwili ila GPU inaiacha prosesa mbali sana, GPUGRID inataka NVIDIA, Einstein@Home ina kazi za prosesa na kazi za GPU, PrimeGrid hivyohivyo inategemea mradi mdogo upi umeuchagua ndani yake.

Einstein@Home mimi naipenda kwa sababu moja: kati ya data wanazochambua kuna za darubini ya redio ya MeerKAT iliyoko Afrika Kusini, kazi zake zinaitwa BRP7, wanatafuta pulsa, zile nyota zilizokufa zinazozunguka kwa kasi. Na sio maneno matupu, mwaka 2010 pulsa moja iligunduliwa kwenye kompyuta za watu wa kawaida, familia moja ya Iowa Marekani na jamaa mwingine wa Ujerumani.

Kwa nini utofauti huu? Prosesa ina kori (vitengo vya kupigia hesabu) chache lakini kila moja ina akili, inaweza kushika njia yake, ikakutana na uamuzi, ikarudi nyuma, ikabadilisha. GPU ni msaragambo, watu maelfu wamepanga mstari wote wanainua jembe kwa amri moja, shamba likiwa pana na tambarare wanalimaliza kabla jua halijachomoza vizuri, ila ukiwapa kazi ambayo kila mmoja anatakiwa asubiri jibu la mwenzake ndo aanze, wamekwama. RTX 3060 ina kori 3584 za namna hiyo. Kukokotoa nguvu kati ya atomu laki kadhaa za protini ni shamba pana. Modeli ya hali ya hewa iliyoandikwa miaka na miaka, yenye matawi kila kona, ni hadithi nyingine.

Hatua ya 2: Angalia singo na dabo, hapa ndo wengi wanapigwa

Kompyuta inahifadhi namba zenye desimali kwa biti 32 (singo) au biti 64 (dabo). Gemu linatumia singo, kwa hiyo kadi za gemu wanazijazia uwezo wa singo afu dabo wanaibana kwa makusudi ili maabara na makampuni wakanunue kadi za bei mbaya. Kwenye GeForce za NVIDIA, RTX 3000 na RTX 4000, uwezo wa dabo ni sehemu moja tu kwa 64 ya uwezo wa singo. Radeon za AMD, zile RX 6000, ni moja kwa 16. Intel Arc za mfululizo wa A hazina kabisa dabo ya asili kwenye chipu.

Sasa zile namba nilizoahidi. RTX 3060 inapiga kama teraflopu 12.7 za singo (teraflopu moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde), gawa kwa 64 unapata 0.2 hivi za dabo. Radeon HD 7970, kadi iliyoingia sokoni Januari 2012, ina teraflopu 3.8 za singo lakini dabo yake ni robo, kwa hiyo inatoa 0.95. Karibu mara tano ya 3060! Radeon VII ya 2019 inatoa kama 3.4, wakati RTX 4090 pamoja na ukubwa wake wote, wati 450, inaishia 1.3 hivi.

Kabla hujakimbia kutafuta HD 7970 ya mtumba subiri kwanza. Mradi uliofanya hizo kadi ziwe dhahabu ulikuwa MilkyWay@home, ulitaka dabo, na kazi zake za GPU zilifungwa 2023, siku hizi una kazi za prosesa tu. Kwa hiyo ushauri wa zamani unaosema chukua Radeon ya kale kwa ajili ya MilkyWay umeshakufa ila bado unazunguka mitandaoni, ukiukuta uupite. Afu ile kadi ina wati 250 na 3060 ina 170, kwenye Folding@home ambako hesabu nyingi ni singo huyo mzee utamlisha umeme bure tu.

Dabo bado inabeba kwenye namba tasa. GIMPS, mradi wa kutafuta namba tasa za Mersenne (unazidisha 2 kwa 2 mara nyingi afu unatoa 1) tangu 1996, kwa miaka 28 namba zake zote zilipatikana kwa prosesa za kompyuta za kawaida. Oktoba 2024 jamaa anaitwa Luke Durant akapata ya kwanza kwa GPU, kadi ya NVIDIA ya maabara, A100, kwenye kituo cha data Dublin ndo iliyoinusa, nyingine ya H100 ya San Antonio ikathibitisha, namba yenye tarakimu 41,024,320. A100 ina teraflopu 9.7 za dabo ndo maana. Na wanaochangia huko wakiwa majumbani waliipenda Radeon VII kwa dabo yake na kwa memori yake yenye kasi ya terabaiti 1 kwa sekunde. Ila ukishuka kwenye kazi nyingine ya hukohuko GIMPS, ile ya kutafuta vigawo vidogo ili kuzichuja namba mapema, hiyo ni hesabu ya namba kamili, haijali dabo kabisa, na 3060 yako inarudi kuwa mfalme. Mradi mmoja, kazi mbili, majibu mawili tofauti.

Hatua ya 3: Ukienda upande wa prosesa usihesabu kori peke yake

Kwenye maduka ya kompyuta za mtumba unakuta zile mashine za ofisini, Dell OptiPlex na HP, i5-3470 na i5-4570 zimepangwa pamoja, zote kori nne, na bei zinakaribiana. Kwa gemu la zamani au kazi za ofisi utofauti hauuoni. Kwa PrimeGrid na GIMPS utofauti ni mkubwa kwa sababu kizazi cha 4 (Haswell, 2013) ndo kilikuja na maelekezo ya AVX2 na FMA3 ambayo programu za hesabu nzito zinayategemea, kizazi cha 3 hakina. Angalia na jina pia, Pentium na Celeron za kizazi hichohicho cha 4 hazina hata AVX ya kawaida. Kwenye Linux andika lscpu usome mstari wa flags, kwenye Windows weka CPU-Z.

Kitu cha pili ni kashe ya L3, ile memori ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa, na hii inahitaji hesabu kidogo ila ukiielewa umeshawapita wengi. Kazi za namba tasa zinafanywa kwa FFT, njia ya mkato ya kuzidisha namba kubwa sana. FFT ya urefu wa 1024K ni namba milioni moja na kidogo, kila moja baiti 8, kwa hiyo kazi moja inataka MB 8 za kashe. Chukua prosesa ya AMD, Ryzen 7 5700X, kori 8, L3 MB 32. Ukiwasha kazi nane, kila kori na yake, unahitaji MB 64, haziingii, kila kori inaanza kukimbilia RAM kuchukua data na RAM ni taratibu, unakuta kori zote zinaonyesha asilimia 100 lakini nusu ya muda zinasubiri tu. Ukiwasha kazi mbili kila moja ikitumia kori nne, unahitaji MB 16, zote zinakaa ndani na kazi zinaisha kwa wingi zaidi kwa siku. Prosesa ileile, umeme uleule. PrimeGrid wana sehemu kwenye mipangilio ya akaunti ya kuchagua kazi moja itumie thredi (mikondo ya kazi ndani ya kori) ngapi.

Na thredi zisikudanganye, prosesa ya kori 4 thredi 8 sio kori 8, thredi mbili zinagombania vifaa vya kori moja. Kwa kazi za aina ya Rosetta kuzitumia zote mara nyingi kunasaidia, kwa FFT mara nyingi kunaharibu. Jaribu kotekote upime.

RAM: kwa miradi ya biolojia na fizikia hesabia GB 1 mpaka 2 kwa kila kazi inayokimbia kwa pamoja. Mashine ya thredi 16 yenye GB 8 itakuwa inasukumia data kwenye diski usiku kucha.

Hatua ya 4: Pima mwenyewe kwenye ukuta

Wati zilizoandikwa kwenye boksi achana nazo. Tafuta kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi kinachosoma wati, mafundi umeme wanacho na kwenye maduka ya vifaa kinapatikana, chomeka kompyuta humo. Soma wati mashine ikiwa imewaka haifanyi kitu, andika. Washa mradi, acha ipate joto nusu saa, soma tena, andika.

Afu iache ikimbie siku nzima au mbili, usipime saa moja ukatoa hukumu, kazi hazilingani urefu. Mwisho hesabu zilizokubaliwa tu. Nasema zilizokubaliwa kwa sababu miradi mingi ya BOINC inatuma kazi ileile kwa mashine mbili tofauti na kulinganisha majibu, kama umeiovakloki kadi (umeisukuma ipite kasi ya kiwandani) mpaka inakosea, jibu lako linatupwa na umeme umeshaliwa.

Sasa zidisha wati kwa saa, gawa kwa idadi ya kazi. Tuseme mashine A yenye GPU inavuta wati 250 na inamaliza kazi 100 kwa siku: 250 mara 24 ni 6000, gawa kwa 100, kazi moja ni wati-saa 60. Mashine B inavuta wati 90 na inamaliza kazi 30 za aina hiyohiyo: 2160 gawa kwa 30, ni 72. Kwa ufanisi A imeshinda. Ila ngoja tuje kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, tufanye uniti moja shilingi 350, A inakula uniti 6 kwa siku, 2,100, mwezi 63,000. B inakula 2.16, kama 756 kwa siku, mwezi 22,680. Kwa hiyo anayeshinda kwa kazi moja sio lazima awe ndo unayemmudu, na hakuna aibu kuchagua B, au kuchagua A ukaiwasha saa nane tu kwa siku.

Kama mashine ingekuwa imewaka tu kwa sababu nyingine, labda ni ya stationari au inarekodi kamera za ulinzi, basi toa zile wati za mwanzo ulizoandika ikiwa haifanyi kitu, unachodaiwa na sayansi ni ile nyongeza tu. Hapo prosesa za kawaida ghafla zinaanza kuonekana nzuri sana.

Mambo mawili yanayochafua vipimo. Moja, GPU inahitaji kori ya prosesa ya kuilisha, hasa NVIDIA kwenye kazi zilizoandikwa kwa OpenCL (mfumo wa kuandikia programu za GPU) inashika kori nzima, kwa hiyo kwenye BOINC usiipe miradi ya prosesa asilimia 100, acha kori moja wazi, la sivyo GPU inakaa na njaa na utaisema vibaya bila kosa lake. Pili, kadi kubwa mara nyingi haishibi kwa kazi moja ya Einstein, kwenye mipangilio ya mradi unaweza kuiambia kila kazi itumie 0.5 ya GPU zikimbie mbili kwa pamoja. Kila moja itachukua muda mrefu zaidi lakini kwa siku zinatoka nyingi. Ndo maana nasema hesabu kazi kwa siku, usiangalie dakika za kazi moja.

Hatua ya 5: Pointi ni za kufurahisha, sio za kupimia

Utaona mtu anasema kadi yangu inatoa milioni kadhaa kwa siku, mwingine anasema yangu inatoa elfu hamsini, wanabishana kumbe wako miradi tofauti. BOINC walianza na kipimo chenye maana, mashine ya gigaflopu moja (hesabu bilioni kwa sekunde) ikikimbia siku nzima inapata pointi 200, ila baadaye kila mradi ukawa unagawa kwa namna yake. Linganisha ndani ya mradi mmoja, aina moja ya kazi, basi.

Folding@home ni ngumu zaidi maana wana bonasi ya kuwahi. Ukirudisha kazi haraka pointi zinapanda kwa mkunjo, sio kwa mstari, kadi yenye kasi mara mbili inapata zaidi ya mara mbili. Na bonasi yenyewe huipati mpaka uwe na passkey (namba ya siri wanayokupa ya kukutambulisha), umalize kazi 10 nayo, na uwe unarudisha angalau asilimia 80 ya unazochukua. Kwa hiyo anayeanza anapima siku ya kwanza, anaona pointi kiduchu, anasema kadi mbovu. Kadi haina shida, bonasi bado haijafunguka. Na kwako ambako umeme unakatika mara kwa mara au unazima usiku, pointi za Folding zitakuumiza moyo, BOINC yenye kazi za prosesa ambazo mwisho wa kurudisha ni siku kadhaa mbele ina subira zaidi.

Hatua ya 6: Punguza wati kabla hujalinganisha tena

Kadi na prosesa zinatoka kiwandani zimesukumwa mpaka ukingoni ili zishinde kwenye majaribio ya magemu. Umeme unaoliwa na chipu unapanda na kasi, na unapanda na volti mara volti, kwa hiyo ile asilimia kumi ya mwisho ya kasi ndo inayokula vibaya. Ukiirudisha nyuma kidogo unapoteza kazi chache unaokoa umeme mwingi.

NVIDIA kwenye Linux ni amri moja, sudo nvidia-smi -pl 120, hapo unaibana isizidi wati 120 (kila kadi ina kiwango chake cha chini, ikikataa itakwambia). Windows tumia MSI Afterburner. Ryzen ingia kwenye BIOS utafute Eco Mode, 7950X ya wati 170 unaweza kuishusha mpaka 105 au 65. Kila ukishusha, pima siku nzima upya, gawa upya, utafika mahali wati-saa kwa kazi zinaacha kushuka zinaanza kupanda, maana na mashine yenyewe inakula chake bila kujali. Rudi hatua moja nyuma, hapo ndo nyumbani pake. Ukiwa unalinganisha kadi mbili linganisha zote zikiwa hapo, sio zikiwa za kiwandani.

Joto nalo. Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Ujerumani, Kanada, Marekani ya kaskazini, wanasema umeme haupotei, kadi inapasha chumba. Kwao kweli, na kama unasoma hii ukiwa Toronto au Minneapolis mwezi wa kwanza, washa bila hofu. Kwa aliye Dar, Mombasa au Muscat kila wati ni joto ambalo feni au AC inabidi ilitoe, kwa hiyo wati 250 zako ni 250 na kitu. Pwani mimi ningewasha usiku tu. Arusha au Nairobi una nafuu.

Hatua ya 7: Sasa nenda dukani

Zile mashine za ofisini zina pawasaplai ndogo ambayo mara nyingi haina waya wa ziada wa kadi, na sloti yenyewe inatoa wati 75 tu. GTX 1650 ya kawaida inaishi humohumo kwenye 75, haihitaji waya, ndo maana inawafaa wengi kuliko inavyosifiwa, ila kama boksi ni lile jembamba hakikisha unachukua toleo la kimo kifupi (low profile). GTX 1660 Super ni wati 125, inataka waya na pawasaplai ya maana. Kwa Folding au Einstein ukiwa na bajeti ya mtumba mimi ningeanzia hapo, nisingenunua kadi ya zamani ya wati 250 hata ningepewa kwa nusu bei, LUKU itaimeza hiyo tofauti ndani ya miezi michache.

Kadi za GeForce za kizazi cha Kepler (GTX 600 na sehemu kubwa ya 700) achana nazo, driva zake ziliishia mfululizo wa 470 na miradi inazidi kuzitupa. Laptopu usiifanyishe kazi ya GPU masaa 24, feni zake hazikutengenezwa kwa hilo, mpe kazi za prosesa kwa nusu ya kori. Simu ya Android inaweza kukimbiza BOINC pia, ikiwa kwenye chaji tu.

Kadi iliyochimba sarafu za mtandaoni sio lazima iwe mbovu, feni na pasta ya joto ndo huwa zimechoka. Nenda na flashi yenye programu ya kupima, muombe muuzaji aiwashe kwa mzigo dakika 15 ukiwa umesimama hapohapo, angalia joto, sikiliza feni, angalia kama skrini inatoa vidoa vya rangi. Akikataa kuiwasha, duka la jirani nalo lina kadi.